Nafasi ya Jina Kwenye Kaseti za Mzee

Hyasinta hajawahi kuwa mtu wa kutulia. Hata chakula hula amesimama, sahani mkononi, macho yapo kwenye sufuria nyingine. Wapishi wenzake wa kempu ya wageni pale Karatu wanasema ukimwona Hyasinta amekaa kitini, mtafutie dawa. Lakini wiki hii ninayoisimulia alivuka mpaka. Jumatatu alitia chumvi mara mbili kwenye supu ya tangawizi. Jumanne akafunga lanchi boksi za wageni waliokuwa wanashuka kreta, na ndani ya kila boksi akaweka machungwa mawili na kusahau kuku. Meneja alipomwita, kabla hajafungua kinywa, Hyasinta akaomba ruhusa mpaka Jumapili. Akapewa haraka, na sidhani kama ilikuwa kwa huruma.

Chanzo chote kilikuwa gunia la kaseti.

Lililetwa Jumatatu ile ile asubuhi na kijana mrefu aliyejifunga shuka chini ya koti la baridi. Aliinama kupita mlangoni, akalitua gunia sakafuni taratibu, kana kwamba ndani kulikuwa na mayai. Huyo ni Sairowua, mdogo wake Hyasinta kwa baba. Walikuwa wameonana mara chache tu maishani, tena mnadani, za kupeana mkono na kuulizana hali ya mvua. Alikuwa ametoka Nainokanoka, juu kwenye nyanda za Ngorongoro, ambako baba yao, mzee Tajewo, alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Pole na msiba. Karibu ukae."

"Sikai sana, nimeacha lori linapakia mahindi. Nimeleta mzigo wa mzee. Alisema akiondoka, nyimbo zake zote ziende kwa yule wa Karatu."

"Kwa nani?"

"Kwa yule wa Karatu. Kwako, dada."

"Alitaja jina langu?"

Sairowua alifikiri kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni. "Hapana. Alisema hivyo tu. Siku zote alikuwa anakuita hivyo."

Moyo wa Hyasinta ukachemka. Hata kufa, anakufa hajalitaja! Lakini mgeni ni mgeni, akampa chai. Ndipo Sairowua akatoa la pili. Jumamosi watoto wote wa mzee watanyolewa nywele, kama ilivyo desturi yao mzazi akifariki. Siku ilikuwa imesogezwa ili walio mbali wafike. Na mama mkubwa Resiato, mke wa kwanza wa mzee, alikuwa amesema hatashika wembe mpaka yule wa Karatu awe amefika.

"Utakuja, dada?"

"Tutaangalia," alisema Hyasinta. Kwa watu wa Karatu jibu hilo maana yake ni hapana iliyonawa uso.

Kunyoa nywele ni jambo dogo, zinaota. Ila kukaa chini mbele ya ukoo mzima ukanyolewa ni kusema hadharani: huyu alikuwa baba yangu na mimi ni mtoto wake. Hyasinta hakuwa tayari kulisema hilo kwa ajili ya mtu aliyemfuta. Maana alifutwa, aliikumbuka hata siku. Asichokijua ni sababu, na kwa miaka yote hiyo kutokujua kulimwasha mwilini kama upupu.

Tajewo alikuwa Mmaasai mwenye gitaa. Siku hizi si ajabu, lakini enzi zile watu walisimama barabarani kumwangalia. Alikuwa mlinzi wa hoteli Karatu, mchana akilala kidogo na kupiga sana. Alitunga kwa Kimaasai, kwa Kiswahili, na kwa Kiiraqw cha kuchekesha alichofundishwa na Martha, msichana wa Kansay. Ndoa haikupatikana, wazee wa pande zote mbili walihakikisha hilo, lakini mtoto alipatikana. Alipozaliwa, dada yake Tajewo alishuka kutoka Nainokanoka na kibuyu cha maziwa, akamshika mtoto, akaomba jina lake mwenyewe limkae. Kanisani mtoto akabatizwa Hyasinta. Kwa baba yake akawa Naisenya, kama shangazi.

Na baba alilipenda jina lile mpaka akalifanya mhuri. Kila wimbo wake, uwe wa ng'ombe, wa fisi au wa foleni ya mashine ya kusaga, ulimalizika namna moja: gitaa linanyamaza, anavuta pumzi, anauliza, "Naisenya, umesikia?" Kisha anagonga nyuzi mara mbili, basi. Hyasinta mdogo alikuwa anaitika kwa nguvu zake zote, "Nimesikia!" na kuzunguka ua kama mwehu. Martha alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu.

Halafu ikaja ile siku. Hyasinta alikuwa shule ya msingi, madarasa ya chini. Baba yake alikuwa hajaonekana kwa muda, kisha mchana mmoja akasimama nje ya uzio wa shule, jua linawaka, naye amevaa kofia ya sufu iliyoshuka mpaka masikioni. Mtoto akatoka mbio akipaza sauti, "Baba! Naisenya nipo hapa!" Tajewo akapiga goti na kumziba mdomo kwa kiganja. Kiganja kilinuka ugoro na ng'ombe. "Usiseme hilo," alimwambia. "Usiseme tena." Akampa andazi lililofungwa kwenye gazeti, akaondoka.

Tangu hapo hakumwita tena kwa jina lolote. Alisema "wewe", alisema "mtoto", halafu akawa haji. Mama yake alilifunga jambo kwa sentensi moja: "Amekufuta, mwanangu, ameshapata wa kwao." Hyasinta aliibeba sentensi hiyo shuleni, jikoni, kwenye ndoa yake na Fabian, dereva wa watalii ambaye wiki hii alikuwa Serengeti na wageni, bahati yake.

Sasa gunia hili hapa. Nyimbo ambazo hakuna redio iliyowahi kuzipiga wala duka lililowahi kuziuza. Zamani mwenye studio mmoja Arusha alimwambia Tajewo aache gitaa, aruke na rungu, ndiyo wazungu wanataka. Tajewo akamjibu kwamba yeye huruka akifurahi, na pale hajafurahi. Akarudi zake Karatu na kuendelea kujirekodi mwenyewe, wimbo juu ya wimbo, mpaka uzeeni. Hakuandika chochote kwenye kaseti hata moja. Kusoma alijua, ila alisema wimbo si mfuko wa mbolea mpaka upigwe tarehe.

Na Hyasinta alitaka tarehe. Alikuwa na washukiwa wawili. Kama jina lilitoka kwenye nyimbo mama yake alipoolewa na Emilian, mwaka ule wa mvua za El Niño, basi ni wivu wa mwanamume na mtoto akaponzwa na ugomvi wa wakubwa. Kama lilitoka alipozaliwa Sairowua, mtoto wa kwanza wa kiume wa boma, basi alibadilishwa tu kama shuka kuukuu. La kwanza angeweza kulisamehe. La pili, asingekwenda kukaa chini ya wembe wa mtu.

Jumanne mchana alilibeba gunia mpaka kwa mzee Piusi, nyuma ya soko. Piusi ni Mwiraqw, mpiga besi wa zamani wa kwaya ya parokia, mtu wa maneno mengi na meno machache. Ndiye aliyekuwa rafiki wa Tajewo, na nyimbo nyingi zilirekodiwa kwake. Redio kaseti ile ile bado anayo, anaifunika kwa kitambaa cha kufuma kama mkate wa moto.

"Mzee Piusi, nataka kujua zilirekodiwa lini."

"Zote hizi?" Piusi akachungulia gunia. "Binti yangu, unamtafuta baba au unatafuta kesi?"

"Vyote viwili."

"Haya. Kesi na ianze."

Walisikiliza Jumanne ile na Jumatano yote, isipokuwa pale kaseti zilipokunjamana na Piusi kuzirudisha kwa kalamu huku akizibembeleza. Hyasinta hakukaa. Alisimama dirishani, akatembea mlangoni, akafagia ua wa watu bila kuombwa. Kila wimbo ulipofika mwisho alikuwa anaganda. Kama jina limetajwa, kaseti iliwekwa kushoto. Kama halikutajwa, kulia. Na zile za kulia zilimtesa, kwa sababu baba yake hakuwa ameacha kuuliza. Gitaa lilinyamaza vile vile, pumzi ilivutwa vile vile, pakapita kimya cha urefu wa jina, kisha sauti ikasema, "...umesikia?" Na nyuzi mara mbili.

"Anamuuliza nani sasa?" Hyasinta alisema kwa hasira. "Nani huyo asikie?"

Piusi aliweka kaseti nyingine. Alikuwa anajua kupokea kisirani cha watu, amekaa kwaya miaka mingi.

Tarehe zenyewe walizipata kwa masikio, kwa sababu Tajewo alirekodi mlango ukiwa wazi na Karatu yote iliingia. Nyimbo ambazo lori lilisikika likilia kwa gia ndogo kupanda kilima cha vumbi zilikuwa za kabla ya lami. Zenye mashine ya kusaga ya dizeli ikikohoa zilikuwa za kabla mwenye mashine hajaingiza umeme. Piusi alijua mengine kwa kengele ya parokia, iliyowahi kupasuka ikalia vibaya hadi ikabadilishwa. Walizipanga hivyo, wakibishana, Piusi akisema huu ni wa zamani, Hyasinta akisema sikiliza vizuri mzee, hilo ni basi, si lori.

Mshukiwa wa kwanza alianguka Jumatano asubuhi. Ulikuwa wimbo wa daraja lililosombwa na El Niño. Tajewo anaimba kwamba bibi harusi alivushwa mgongoni kwenye matope na viatu vyake vyeupe vimening'inia shingoni mwa bwana harusi. Hyasinta alivijua viatu vile, vilikuwa vya mama yake. Kumbe mzee alikuwepo, amejificha sijui wapi, anaangalia mpenzi wake akiolewa na mwingine! Na wimbo haukuwa na uchungu hata kidogo, ulikuwa unawatania. Mwishoni: "Naisenya, umesikia?"

"Si arusi ya mama basi," alisema Hyasinta. Amebaki mshukiwa mmoja, na ndiye aliyemwogopa.

Jioni ile walifika kwenye kaseti nyeusi iliyopasuka kona. Upande wa kwanza wimbo ulikuwa wa haraka, wa furaha, gitaa linakimbia kama ndama aliyefunguliwa. Mwishoni Tajewo akacheka kabla ya kusema, kisha: "Naisenya, umesikia? Umepata mdogo wako wa kiume. Amefika juzi, analia kama mbuzi." Nyuzi mbili. Baada ya hapo kaseti ikakwaruza, na chini ya wimbo ikatokea rekodi ya zamani iliyokuwa haijafutika yote: redio, wimbo wa maombolezo, na mtangazaji kwa sauti nzito akisema mwili wa Mwalimu unapelekwa Butiama.

Piusi alivua kofia bila kufikiri. Hyasinta alikaa. Alikaa kwenye kiti, enyi wapishi wenzake, na hakuwa anaumwa. Sairowua alizaliwa siku za msiba wa Mwalimu, mwenyewe hujisifu kwa hilo. Wimbo ulikuwa umerekodiwa juu ya msiba ule, baada ya mtoto kuzaliwa, na baba bado alimwita yeye. Hakuwa amebadilishwa. Alikuwa ameletewa habari njema kama dada mkubwa, na habari ikachukua miaka yote hii kumfikia.

"Sasa nini?" alisema. "Kama si arusi, kama si mtoto, nini sasa?"

"Geuza upande," alisema Piusi.

Upande wa pili ulianza na mvua juu ya bati. Piusi akainua kidole: bati aliezeka mwaka uliofuata msiba wa Mwalimu, kabla ya hapo ilikuwa nyasi, na mvua mwaka ule zilikuwa za kuhesabu. Kisha, kabla ya gitaa, ikasikika sauti ya kijana ikicheka kwa nguvu: "Tajewo! Kichwa kimekuwaje hicho? Vua kofia watu waone, kama yai la mbuni!" Hakuna aliyejibu kicheko kile. Viti vilikwaruza, mtu akakohoa. Gitaa likaanza polepole, wimbo usio na maneno. Mwisho, pumzi. Kimya. "...umesikia?" Na mara ya kwanza ile, nyuzi hazikugongwa mara mbili. Ziligongwa mara moja tu.

Piusi alizima redio. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hiyo sauti ni yangu," alisema. "Mjinga mimi. Alikuja amenyolewa upara, mimi nikamcheka. Wimbo ulipokwisha ndiyo akaniambia amefiwa na dada yake. Nikaona aibu. Nikamwambia nipe jina lake, Jumapili nikamwombee misa. Akakataa. Nikamwambia Tajewo, padri atasomaje nia ya misa bila jina? Akasema kwao aliyekufa hatajwi, jina linazikwa naye. Tukabishana. Mwisho nikamwandikisha hivyo hivyo, dada yake Tajewo, na padri akanitazama kama nimelewa."

Hyasinta alikuwa amesimama tena. "Alikuwa na dada wangapi?"

"Ninavyojua mimi, mmoja. Yule wa kibuyu."

Hyasinta alihisi kile kiganja mdomoni, ugoro na ng'ombe, na aliiona ile kofia ya sufu kwenye jua kali. Hakuwa amefutwa yeye. Alikuwa amebeba jina la marehemu na kulipiga kelele njiani, mbele ya kaka aliyetoka kumzika.

Basi, kuanzia hapa hata mimi msimulizi nitaliacha lile jina. Mimi si wa boma lile na desturi hainifungi, lakini mtu ukishaambiwa mlango ni wa watu, unabisha hodi.

Ungedhani Hyasinta angetulia. Wapi! Alfajiri ya Alhamisi alikuwa kwenye bodaboda ya Kansay, vumbi mpaka kwenye kope, maana swali jingine lilikuwa limeota pale lilipong'olewa la kwanza. Jina limezikwa, sawa. Kwa nini hakumpa jingine? Mtu anaachaje mtoto wake bila jina miaka yote hiyo?

Mama yake, Martha, alikuwa anapukuchua mahindi. Hyasinta alimsalimu, akakaa naye, akashika gunzi na kupukuchua, kisha akauliza. Martha hakuinua macho.

"Alimtuma mtu," alisema. "Mzee mmoja, Sintamei. Akasema: lile jina limekwisha, mtoto aletwe Nainokanoka anyolewe, apewe jingine. Jina la mtu linakwishaje? Nikasema huyu anamkana mtoto kwa mlango wa nyuma."

"Hakukwambia kuna msiba?"

"Hakusema msiba! Alisema jina limekwisha." Punje zikaruka. "Na alisema kunyolewa. Wewe hujui, ulikuwa mtoto. Mimi nilikua karibu nao, nilijua kwao msichana akinyolewa nywele kinachofuata ni nini. Kisu, Hyasinta. Nikupeleke kule na nywele zako, nikuchukue umekatwa? Nikamwambia Sintamei akanyage nje ya ua wangu asirudi. Na wewe nikakwambia baba yako amekufuta, ili usije ukamfuata mwenyewe." Sasa aliinua macho, yalikuwa mekundu. "Niliona bora umchukie ukiwa mzima."

Hyasinta alitaka kukasirika. Alikuja na hasira yake yote kwenye bodaboda, ameifunga vizuri. Lakini ukimtazama mama aliyemlinda mtoto wake kwa uongo, utaanzia wapi? Hakuna hata mmoja aliyekuwa mwovu. Baba hakuweza kueleza sababu bila kulitaja lile jina, na aliyetumwa hakuweza kulitaja pia. Mama alisikia neno moja na kuogopa jingine. Usilolijua ni usiku wa giza, na watu hawa watatu walipapasana gizani humo robo ya karne.

"Walitaka nywele tu, mama," alisema.

"Nywele tu?" Martha aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo. Kisha akajifuta kwa kanga, akaendelea kupukuchua kwa kasi, na baadaye akasema, "Kule ni baridi. Utachukua sweta langu."

Jumamosi asubuhi Hyasinta alipita geti la Ngorongoro ndani ya lori la mahindi, yeye aliyezoea kupita pale na vyungu vya wageni. Mapajani alikuwa amepakata redio kaseti ya mzee Piusi, na kitambaa chake. Ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara na dereva alikuwa anaendesha kwa kukisia. Njia nzima alibadilisha namna ya kukaa. Aliogopa. Aliogopa kwamba amechelewa, kwamba mwenye kuita ameshakufa na haitiki mtu kwa maiti.

Nainokanoka ng'ombe walikuwa wameshatoka. Wanawake walikuwa wamekaa nje ya nyumba ya Resiato, na watoto wa mzee wamepanga mstari, wote bado na nywele zao. Kumbe kweli wembe ulikuwa unamngoja. Resiato, mwembamba, masikio yamelemewa na shanga, alimtazama kutoka mbali. Hyasinta hakujua aseme nini, akafanya alichokumbuka kuona watoto wao wakifanya: aliinamisha kichwa. Mwanamke yule akaweka mkono juu yake na kuuacha hapo.

"Takwenya," Resiato alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," aliitikia Hyasinta, kwa lafudhi ya Kiiraqw iliyowafanya wasichana wacheke pembeni.

"Umekawia." Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini kilitosha. "Kila mwaka yeye anasema: yule wa Karatu atakuja, apewe. Mimi nasema, wewe mpe tu huko huko. Yeye anasema hapana, jina halitumwi kama barua. Linapewa mtu amekaa hapa."

Akamkalisha kwenye ngozi, akamlowesha kichwa kwa maji yaliyochanganywa na maziwa, akaanza naye, kabla ya watoto wa boma. Nywele zilianguka mapajani. Hyasinta alilia waziwazi, kwa kelele, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Alimlilia baba yake kama mtoto wa baba, na ilikuwa mara ya kwanza. Resiato alipomaliza akamwambia jina atapewa jioni, ng'ombe wakirudi, na baba mwenyewe alishalichagua zamani. Atulie tu.

Akatulia. Alikaa kwenye ukingo wa nyasi na upara wake, baridi ikimtafuna kichwa, amevaa sweta la mama yake. Sairowua, naye upara, akaja kukaa kando.

"Ile redio inafanya kazi?"

Hyasinta akaifunua. Ndani mlikuwa na kaseti ya mwisho, ile ambayo sauti ya mzee imeshakuwa ya kukwaruza na vidole vinakosea. Sairowua aliitambua kwa kikohozi kwamba ni ya mwaka huu. Wimbo ulikuwa wa ng'ombe anayekataa kuingia zizini. Walisikiliza hadi mwisho. Gitaa likanyamaza, pumzi ikavutwa kwa shida, kikafuata kile kimya cha urefu wa jina.

"Hapo, dada," Sairowua alisema haraka. "Hapo anaponyamaza. Tangu utotoni nilikuwa namuuliza kuna nini, anakataa. Mzee Piusi ameniambia kwa simu kwamba wewe unajua. Kulikuwa na jina, siyo? Kwenye kaseti moja ya zamani nilimsikia akimwita mtu, Nai..."

Hyasinta alimziba mdomo kwa kiganja.

Kijana alitumbua macho. Naye Hyasinta alikuwa anamtazama kwa upendo mwingi mno, na hapo tu ndipo alipojua uso wa baba yake ulikuwaje siku ile nje ya uzio wa shule, uso ambao jua na kofia vilimficha.

"...umesikia?" iliuliza redio.

"Nimesikia," alisema Hyasinta, na nyuzi zikagongwa mara mbili.